Wadudu kwenye ukuta wa nje wa mbao, Mtwara: nizibe wapi, niache wapi?

Mjenzi_Chuno

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua mbao na dawa.

Nyumba ipo Chuno, Mtwara mjini. Sehemu kubwa ni bloku na plasta. Kwa nyuma kuna chumba cha nyongeza cha mita 6 kwa 4: msingi wa bloku, fremu ya mbao za inchi 2x4, na nje kimevikwa mbao za msonobari za inchi 1x6 zilizolaliana kama magamba ya samaki. Upande mmoja wa mita 6 umeshikana na nyumba kubwa, kwa hiyo ukuta wa nje ni mita 14. Kati ya hizo, mita 4 zina baraza la zege, zilizobaki ni mchanga. Rangi ya mafuta imepakwa mbele tu, mgongoni mwa mbao hakuna kitu.

Ninachokiona:

- Mikanda miwili ya udongo, upana kama penseli, inapanda kwenye msingi upande wa mchanga na kuingia chini ya ubao wa kwanza.
- Chini ya dirisha kuna kirundo cha vichembe vya kahawia. Nikifagia, baada ya siku mbili vipo tena.
- Kwenye fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), upande wa chini, matundu matano ya mviringo. Kidole kidogo kinaingia.
- Kona ya nyuma dondora wamejenga vibonge vya udongo ndani ya mwanya wa mbao. Sisimizi nao wanapita humo humo kuelekea jikoni.

Fundi anasema nizibe kila mwanya kwa silikoni, pamoja na ule wa chini kabisa. Mjomba anasema oili chafu. Jirani ana nusu mfuko wa salfa ya mikorosho iliyobaki. Mvua za Novemba hizo zinakuja. Nianze na kipi?

Seremala_Mikindani

Mkuu, silikoni iache dukani kwanza. Umetaja wadudu wa aina tano na kila mmoja ana njia yake. Ukiwapiga wote kwa dawa moja, utaua mmoja na wanne watabaki wanakuangalia.

Mikanda ya udongo ni mchwa wa ardhini. Kiota kiko chini, kwenye mbao wanakuja kula na kurudi. Miili yao ni laini na inakauka upesi hewani, ndiyo maana wanajifunika njia nzima. Vunja kipande cha sentimita 5 katikati ya mkanda, uache juu na chini kama palivyo. Angalia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Pakizibwa upya, njia iko hai. Pasipozibwa usifurahi haraka: chungulia nyufa za msingi, mara nyingi wamehamia ndani ya tundu la bloku ambako huwaoni.

Vichembe vya dirishani ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Weka kidogo kwenye karatasi nyeupe, uvute karibu kwa kamera ya simu. Kila kichembe kikiwa kigumu, urefu kama milimita 1, chenye pande sita kama kipande cha penseli, hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Hawa hawana haja na ardhi. Familia nzima inaishi ndani ya ubao, inapata maji humo humo, na inatoboa kitundu kidogo cha kusukumia taka nje, kisha inakiziba. Mikoa ya pwani wapo sana. Dawa utakayomwaga kwenye msingi haitawafikia hata kidogo. Ila ukikuta ni unga laini kama sembe na matundu ya milimita 1 hadi 2, hao ni bungua. Bungua wa unga laini hula mbao ngumu zenye wanga, mfano mwembe, na msonobari hawana habari nao. Kwa hiyo angalia fremu ya dirisha ni ya mti gani.

Matundu ya fishabodi ni yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kama pikipiki. Hali mbao, anachimba nyumba. Tundu linaingia kama sentimita 2 kisha linakata kona na kufuata urefu wa ubao. Anapenda mbao laini isiyo na rangi, na upande wa chini wa fishabodi mafundi wengi huusahau kwa sababu hauonekani ukiwa umesimama uani.

Dondora hawadhuru mbao. Ubaya wao ni kwamba wanaziba njia ya maji kwa udongo.

Sasa huo mwanya wa chini. Ukuta wa mbao zilizolaliana haukutengenezwa uwe chupa. Mvua ya upepo inaingia nyuma ya mbao, hata ujenge vipi, na inatakiwa iteremke na kutokea chini. Ukiziba chini kwa silikoni, maji yanakaa juu ya ule ubao wa 2x4 uliolala kwenye msingi. Msonobari mbichi kwa maji, gizani, joto la Mtwara: umewaandalia mchwa karamu na ukawafungia mlango wasisumbuliwe. Pale pawe wazi, pawe na wavu.

Kabla sijaenda mbali: ubao wa kwanza uko sentimita ngapi kutoka ardhini? Na mbao zimepigwa juu ya papi, yaani vipande vyembamba vya mbao, au moja kwa moja kwenye fremu?

Mjenzi_Chuno

Asante fundi. Nimepima: sentimita 6 tu upande wa mchanga, kuna tuta la maua limepanda. Upande wa baraza ni 11. Papi zipo, za 1x2, zimesimama wima, kwa hiyo kuna uwazi wa inchi moja nyuma ya mbao. Vichembe nimevipiga picha, vina pande sita. Fremu ya dirisha ni msonobari pia.

Seremala_Mikindani

Papi za wima zimekuokoa. Zingelala, kila moja ingekuwa rafu ya kushikia maji.

Sentimita 6 ni kidogo mno. Unatakiwa upate angalau 15 upande wa baraza na 20 au zaidi upande wa mchanga, kwa sababu tone la mvua likipiga mchanga hurusha matope juu. Bila nafasi hiyo pia huwezi kuona mikanda ya mchwa ikipanda, na kuona ndiyo nusu ya kazi. Ondoa tuta la maua lote. Chimba ukanda wa sentimita 60 kuzunguka ukuta, uteremke kuelekea nje, kisha umwage kokoto za robo tatu inchi, unene wa sentimita 10. Usimwage kokoto kabla ya dawa ya ardhi. Huo utaratibu watakueleza wauza dawa. Kama kuchimba hakukupi 20, ng'oa ubao wa chini kabisa, upandishe mwanzo wa mbao kwa ubao mmoja, na sehemu iliyobaki wazi uifunike kwa bati bapa linaloshuka juu ya bloku. Kwenye baraza ndivyo utakavyofanya, maana zege hulichimbi.

Wavu: usichukue ule wa plastiki wa madirisha. Jua linaukausha, panya anautafuna. Wa chuma wa kawaida uliopakwa zinki unaliwa na chumvi, hasa nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari. Tafuta wa stenlesi wenye matundu 20 kwa inchi. Wenye matundu makubwa zaidi unazuia dondora na mende lakini kumbikumbi wa mchwa wa mbao kavu anapenya.

Hesabu yake: wavu wa upana wa mita 1 ukatwe vipande sita vya sentimita 16. Ukinunua mita 2.5 unapata vipande vyenye jumla ya mita 15, vinakutosha mita 14 na mapishano. Kila kipande kikunje kama herufi U: sentimita 6 zipande nyuma ya papi, 2.5 zipite chini ya papi, zilizobaki zipande mbele. Bana kwa stepo za stenlesi kila sentimita 5. Kwenye kona pishanisha sentimita 3, usiache ncha mbili zikigusana tu. Hapo ndipo sisimizi hupita. Itabidi ung'oe ubao wa chini ili uufikie mgongo wa papi. Fanya vivyo hivyo juu, chini ya dari ya nje, maana uwazi wa nyuma ya mbao unatakiwa uingize hewa chini na kuitoa juu.

Silikoni ina mahali pake: kuzunguka fremu ya dirisha pande tatu, juu na ubavuni, na pale bomba au waya unapotoboa ukuta. Chini ya kizingiti cha dirisha usizibe. Ile ya asetiki, inayonuka siki, inaharibu zinki na haishiki rangi. Chukua inayokubali kupakwa rangi.

Bi_Viuatilifu_Lindi

Habari zenu. Mimi niseme la dawa peke yake.

Salfa, mrudishie jirani. Salfa ya mikorosho ni ya ubwiriunga, na ubwiriunga ni kuvu. Mchwa hawafi kwa salfa. Tena ikikaa na unyevu inageuka tindikali, itakula misumari na bati lako. Ile dawa ya mbu wa mikorosho nayo msiigeuze ya msingi. Imetengenezwa kwa ajili ya majani, haina sajili ya kazi hiyo na haidumu ardhini kama ya mchwa. Kwenye lebo tafuta maneno yanayosema ni ya mchwa na majengo, pamoja na namba ya usajili wa TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya maji haina lebo, kwa hiyo huijui nguvu yake.

Kwa mchwa wa ardhini unatengeneza ukuta wa dawa ndani ya udongo. Kipimo kinachotumika ni lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita 1 ya urefu kwa kina cha sentimita 30. Kwako mita 14, ni lita 70. Nguvu inategemea chupa:

Imidaklopridi ya gramu 200 kwa lita: ili upate asilimia 0.05 weka mililita 2.5 kwa kila lita ya maji. Lita 70 zinahitaji mililita 175.

Bifentrini ya gramu 100 kwa lita: asilimia 0.05 ni mililita 5 kwa lita. Lita 70 zinahitaji mililita 350.

Kama lebo yako inasema kiwango kingine, fuata lebo. Zote mbili zinafanya kazi, ila tofauti yake ijue. Bifentrini inamfukuza mchwa, anaihisi na kugeuka, kwa hiyo ukiacha pengo la nusu mita ataitafuta hiyo nusu mita mpaka aipate. Imidaklopridi haisikii, anapita ndani yake na kufa taratibu, na anawaambukiza wenzake. Kwa mtu anayemwaga mwenyewe bila uzoefu nashauri imidaklopridi, inasamehe kosa dogo.

Namna ya kumwaga: chimba mtaro ulioshikana na msingi, upana sentimita 15, kina 30, usizidi kitako cha msingi. Mchanga wa Mtwara unakunywa maji kama ungo. Ukimwaga lita 5 kwa mkupuo zinashuka moja kwa moja chini na pembeni panabaki pakavu. Kwa hiyo mwaga nusu kwenye mtaro kwa keni ya kumwagilia, kisha rudisha mchanga kwa matabaka matatu, kila tabaka ulimwagie sehemu ya nusu iliyobaki na kuchanganya kwa jembe. Ukimaliza hapo ndipo kokoto ziingie, na usipachimbe tena. Ukipanda maua pale mwaka ujao umeuvunja ukuta.

Upande wa baraza: toboa zege kwa drili ya milimita 12, sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, kila sentimita 30. Kwa mita 4 ni matundu 14. Kila tundu lita 1.5 polepole, kwa faneli na mpira. Ziba kwa saruji. Wengi wanaruka upande wa baraza kwa kuwa ni kazi ngumu, halafu mchwa wanaonekana hapo hapo, wamepita kwenye ule mstari ambapo zege limeachana na msingi.

Kuna kisima? Hilo ni la kujibu kabla hujafungua chupa.

Mjenzi_Chuno

Bi, shikamoo. Kipo, cha jirani, kama hatua kumi kutoka kona ya kulia. Na mchanga ni mweupe, unachimbika kwa mkono.

Bi_Viuatilifu_Lindi

Marahaba. Basi upande huo wa kulia usimwage kwenye mtaro. Chimba mchanga wa mtaro, utandaze juu ya turubai zima, umwagie dawa kipimo kile kile huku ukigeuza kwa koleo mpaka ulowe sawasawa, uuache ukauke kivulini, ndipo uurudishe. Hakuna maji yanayobaki ya kushuka kwenye kisima. Ni kazi ya siku mbili, na wavivu husema hakuna tofauti. Kwenye mchanga mweupe tofauti ipo. Ukiona hata hivyo huna amani, upande huo uache bila dawa, weka kokoto na ukague kila wiki mbili.

Glavu za mpira, buti, miwani, barakoa, suruali ndefu. Kazi ifanyike siku isiyo na mvua wala dalili yake kwa siku mbili. Keni na ndoo visioshwe baharini wala kwenye mkondo wa mikoko. Dawa za jamii ya bifentrini zinaua samaki na kamba kwa kiasi kidogo sana. Maji ya kuoshea yamwage kwenye mtaro uliotibiwa, ule ulio mbali na kisima. Kuku wafungiwe siku tatu.

Ngalawa_na_Randa

Naongezea la oili chafu maana mjomba wa kila mtu ana hiyo dawa.

Oili ya injini inafukuza mchwa kwa harufu na utelezi kwa miezi kadhaa, halafu inabaki doa. Baada ya hapo rangi haishiki tena, utapaka leo na Machi itabanduka kama ganda la ndizi. Ina mabaki ya madini ya injini, na mvua inayapeleka mchangani, kwenye kisima hicho hicho. Ukuta wa mbao uliolowa oili ukipata cheche za jiko la mkaa ni habari nyingine. Kwa nguzo ya zizi shambani sina neno. Kwa ukuta wa chumba cha kulala, hapana.

Huku kwetu wengine watakuambia mafuta ya maganda ya korosho. Hayo kweli yana ukali, wadudu hawayapendi, na yametumika kwenye mbao za vyombo vya baharini. Lakini ni yale yale yanayobabua mikono ya wabanguaji. Yakikugusa ngozi inatoka malengelenge, na ubao uliopakwa unachukua muda mrefu kukauka. Mtoto akiegemea ukuta ndiyo hivyo tena. Tumia kwenye nguzo zinazoingia ardhini, ukiwa na glavu, sehemu ya chini tu isiyoguswa na mtu.

Na huyo fundi wa silikoni kila ufa anafikiri kama fundi mashua. Kalafati, yaani kuziba kila mwanya, inafaa chomboni kwa sababu mbao za chombo ziko majini, zimevimba na zinabanana zenyewe. Ubao wa ukutani unavimba masika na kusinyaa wakati wa kusi. Ukiuziba kwenye mlalio wake juu na chini, utapasuka katikati, na huo ufa mpya ndio mdudu atakaoingilia.

Bado hamjamwambia la misumari. Ubao wa 1x6 unatakiwa ulalie wenzake milimita 25 hadi 30. Msumari upigwe mmoja tu kwa kila papi, juu kidogo ya mlalio, usipite kwenye ubao wa chini yake. Ukipiga msumari unaoshika mbao mbili kwa pamoja, zote mbili zinafungwa zisicheze na mojawapo lazima ipasuke. Angalia zako: nyufa zikiwa zinaanzia kwenye msumari, sababu ni hiyo. Na misumari iwe ya stenlesi au iliyopakwa zinki nene. Ya kawaida hapa pwani inavimba kwa kutu ndani ya miaka miwili, tundu linapanuka, sisimizi wanahamia.

Mjenzi_Chuno

Nimeangalia sasa hivi kwa tochi. Nyufa saba, sita zinaanzia kwenye msumari. Duh.

Ule wa dirishani je? Mchwa wa mbao kavu natibu au nang'oa?

Seremala_Mikindani

Gonga kwa mpini wa bisibisi, sentimita kwa sentimita. Panapolia kama debe tupu pigia mstari wa chaki. Ikiwa ni ubao mmoja au miwili, ng'oa. Ubao wa 1x6 bei yake haishindani na usumbufu wa kutibu. Kama wameingia kwenye 2x4 ya fremu inayobeba dirisha, hapo ndipo unatibu: toboa matundu ya milimita 3 kila sentimita 20 kufuata mstari wa chaki, piga sindano ya dawa ya mbao mpaka itokee tundu la jirani, ziba kwa kijiti. Rudia baada ya wiki mbili. Kisha fagia kabisa pale chini. Kirundo kipya kikitokea, bado wapo. Msichanganywe na vichembe vya zamani vinavyodondoka mlango ukibamizwa; ndiyo maana nasema fagia na uweke karatasi safi.

Ubao uliong'olewa usiuweke stoo.

Mbao mpya nunua za dawa, lakini jihadhari. Zipo zilizosukumiwa dawa kwa mtambo na zipo zilizochovywa kwenye pipa la maji ya kijani. Mwombe muuzaji akate ubao mmoja sentimita 30 au zaidi kutoka kichwani, usikubali kuonyeshwa kichwa chenyewe, maana kichwa hunywa dawa hata kwenye pipa. Ukijani ukiwa umeingia sehemu yote nyeupe ya ubao, na moyo wa katikati tu ndio umebaki, ni ya mtambo. Ukiwa ni ukoko wa milimita moja pembeni, ni ya pipa. Kila utakapokata, kichwa kipya hakina kinga: paka dawa ya mbao mara mbili kabla hujapigilia. Na zile ndogondogo zinazobaki msizipikie. Dawa ya kijani ya zamani ina aseniki, moshi na majivu yake ni sumu, na huku majivu mtu anaweza kuyatupa kwenye mchicha.

Mbao za zamani zilizo nzima unaweza kuziokoa kwa boraksi. Gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki kwenye lita 8 za maji ya moto, koroga mpaka iwe safi. Ng'oa ubao, paka mgongo na vichwa mara mbili, ya pili baada ya ile ya kwanza kunyweka. Upande wa mbele haitaingia kwa sababu una rangi ya mafuta. Ukitaka iingie paruza kwanza mpaka mbao. Kausha siku tatu mpaka nne, kisha paka praima na rangi pande zote, mgongo pia. Boraksi inayeyuka kwa maji, mvua ikiipata bila rangi inaondoka yote. Ndiyo sababu watu hulalamika kwamba haifanyi kazi.

Pasheni_Nachingwea

La nyuki mweusi limesahaulika. Usizibe tundu mchana, atakuwa nje na atatoboa lingine pembeni. Ngoja giza liingie, wote wako ndani. Puliza dawa ya vumbi ya permetrini kidogo kwa kichupa chenye mdomo mwembamba, acha wazi siku mbili tatu, kisha gonga kijiti cha unene wa tundu kilichopakwa gundi, kata kwa usawa, paka rangi. Upande wa chini wa fishabodi wote upakwe, mikono miwili.

Ila kama hawajawa wengi na una pasheni uani, fikiria. Huyo ndiye anayechavusha ua la pasheni. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile. Mtundikie gogo kavu la msonobari mbali na nyumba, halafu ziba matundu wakati tayari hayana mtu.

Kumbikumbi_Newala

Mimi mfupi. Mvua za kwanza zikinyesha, jioni ile kumbikumbi wanatoka, zima taa ya ukuta wa mbao kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku. Taa iwe kwenye nguzo mita kumi kutoka hapo, na beseni la maji chini yake. Kila jozi inayodondosha mabawa chini ya dirisha inatafuta ufa wa kuanzia familia mpya. Ukikuta mabawa NDANI ya chumba asubuhi na madirisha yalifungwa, wametoka kwenye mbao zako, hawakuja wageni.

Na wale wa kuokota kwa kukaanga, msiokote karibu na ukuta uliomwagiwa dawa.

Mjenzi_Chuno

Nimeandika mpangilio, naomba mnisahihishe: (1) naondoa tuta la maua na kuchimba ukanda, (2) dawa ya ardhi, upande wa kisima kwa turubai, (3) kokoto, (4) nang'oa mbao za chini na zilizopasuka, (5) boraksi, wavu, kurudishia na misumari mipya, (6) rangi, (7) nyuki.

Seremala_Mikindani

Namba 4 iwe kabla ya 2. Ukishang'oa ubao wa chini ndipo utaona mikanda imeingilia wapi kwenye ule 2x4 wa msingi, na pengine utakuta wameshaula. Ubao huo ukibadilishwa baada ya dawa, utakanyaga na kuchimbuachimbua mtaro uliokwisha kuutibu. Pia ukiwa wazi hivyo, ziba ufa kati ya msingi na sakafu ya ndani kwa saruji.

Na rangi usiipake ubao ukiwa na maji. Kama huna kipimo, chukua kipande cha nailoni cha kiganja, kibandike kwa selotepu kwenye ubao jioni. Asubuhi kikiwa na ukungu ndani, subiri.

Bi_Viuatilifu_Lindi

Namba 7 ifanye kabla ya 6, maana utapaka rangi fishabodi mara moja tu. Na mikanda ya zamani kwenye msingi ikwangue yote ukimaliza dawa, uoshe kwa brashi. Ukiiacha, mwezi wa tatu utaona udongo ukutani na hutajua ni wa jana au wa mwaka jana.